Laban Owor na Filamu Kumi na Tatu za Zohali

Marehemu Laban Owor alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Nabuyoga, Wilaya ya Tororo, mwana wa nne wa marehemu Mzee Cornelius Okware na Mama Maximilla. Mamake alikuwa Msamia wa upande wa Kenya, ndiyo maana Kiswahili hakikumpa taabu.

Alisoma Nabuyoga hadi darasa la saba, kisha akaenda Nagongera. Mwaka 1988, akiwa kidato cha pili, babake alifariki naye akaacha shule. Hakuna aliyemwita arudi.

Mwaka 1997 alianza kutafsiri filamu kwa kipaza sauti katika ukumbi wa video mjini Busia, upande wa Uganda. Wateja wengi walikuwa wachuuzi Wakenya, kwa hiyo alitafsiri kwa Kiswahili. Kilichompa jina ni Makoloni ya Zohali, mfululizo mrefu wa filamu za anga za juu. Taabu ni kwamba Busia hazikufika kwa utaratibu. Baada ya ya kwanza ilikuja ya tano, naye akadhani ni ya pili. Kapteni Varo, shujaa wa mfululizo huo, humo alikuwa anaigizwa na mtu mwingine kabisa. Marehemu, bila kupepesa macho, akawaambia watu kwamba kapteni aliungua vitani akapachikwa uso mpya. Mwezi uliofuata ikaja ya pili yenyewe, na kapteni ana uso wake wa zamani.

Kevo, muuza viatu kutoka ng'ambo ya Kenya, alipiga kelele: "Wee Owor, si ulituambia huyu jamaa aliungua? Amepona aje?"

Ukumbi mzima ulicheka. Marehemu alizima mashine akasema: "Nyinyi nisamehe. Mimi nadanganya nyinyi. Siku moja natafsiri yote, ya kwanza mpaka ya mwisho, bila kosa."

Kuanzia siku hiyo alitazama kila filamu mara mbili kabla ya kushika kipaza sauti. Aliandika kovu liko shavu gani, chombo kina milango mingapi, sare ina rangi gani. Alijaza daftari ishirini na saba. Ahadi yenyewe hakuianza, kwa sababu filamu ya mwisho ilikuwa haijatoka.

Tarehe 6 Januari 2001 alifunga ndoa na Teopista, aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga mlangoni mwa ukumbi. Teopista, mama yetu, anasema alimuuliza kwanza: "Sasa mimi naolewa na wewe ama na kapteni?" Akajibiwa: "Kapteni hana shamba." Walijaliwa Goretti, Patience na Opendi.

Kufikia 2022 watu walikuwa wanatazama kwenye simu zao, na ukumbi ukafungwa. Mwaka uliofuata marehemu aliugua saratani ya koo. Alitibiwa Tororo, kisha Kampala. Machi mwaka huu sauti ilikatika kabisa. Filamu ya kumi na tatu, ya mwisho, ilitoka Septemba.

Mimi Goretti, binti yake, ninayewasomea haya, nilimwekea filamu hiyo kwenye simu Jumapili tarehe 5 Oktoba 2025. Aliandika kwenye karatasi: "Tafsiri wewe." Nikatafsiri, mdomo karibu na sikio lake. Kuelekea mwisho, kovu la kapteni, ambalo tangu filamu ya sita lilikuwa shavu la kushoto, likaonekana la kulia. Baba akanishika mkono. Alitaka niwape watu sababu, kana kwamba ukumbi umejaa.

Nikamwambia, "Baba, mimi sijui."

Alingoja. Niliona aibu, na hadi leo ninayo. Kisha akaniachia mkono, akageukia ukutani. Alifariki Jumanne tarehe 7, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha mjane, watoto watatu, dadake Annet na mjukuu mmoja, Alaso. Kwa kawaida hapa husemwa kwamba kazi ya marehemu itaendelezwa. Haitaendelezwa. Daftari tumezisoma zote, na kuhusu kovu hilo hamna kitu.

Baba apumzike kwa amani, ingawa jibu hatukumpa.