Nguzo za Goli za Orville Stambaugh

Jumamosi hii, tarehe 18 Novemba, kipenga cha mwisho kikishalia, Orville Stambaugh atakabidhi funguo za uwanja wa Chuo cha Brandtvale, baada ya kuutunza kwa miaka arobaini na miwili. Naandika haya Alhamisi.

Aliajiriwa mwaka 1981 kukata nyasi na kuchora mistari. Miaka minne baadaye timu yetu ya mpira wa Kimarekani ilianza kushinda ikasahau kuacha: ubingwa mara tisa katika miaka kumi na saba. Wageni walikuja Brandtvale wakiomba tu wasiaibike sana.

Kwetu ushindi usiotarajiwa husherehekewa kwa mashabiki kuvamia uwanja na kung'oa nguzo za goli. Enzi zile hakuna aliyezigusa, kwa sababu tulishinda kila wiki. Orville alizipaka rangi ya njano kila Agosti, akijisifu kwamba ndizo nguzo kongwe kuliko zote jimboni.

Kisha kocha akastaafu, wachezaji wazuri wakachukuliwa na vyuo vikubwa, tukaanza kupigwa. Mwaka 2009 tuliifunga timu ya mkiani, na wanafunzi wetu wakang'oa nguzo kwa furaha, wakaenda kuzitosa mtoni. Orville alisimama kando ya shimo, akaniambia mimi karani wake, "Basi, Lorraine, tumekwisha. Bingwa hang'oi nguzo zake."

Alisimika mpya, na tangu hapo kabla ya kila mechi huzipaka grisi nene ili mtu asipande. Mkuu wa chuo aliwahi kuziegemea akipigwa picha na wafadhili, amevaa suti nyeupe. Tulicheka wiki nzima, na Orville ndiye aliyechelewa kunyamaza.

Sasa tumefungwa mechi thelathini na moja mfululizo. Jumatatu bodi inaamua kama timu ivunjwe, na wanasema ushindi mmoja tu ungeiongezea mwaka mmoja wa kuishi. Naogopa, sifichi. Ofisini hata kahawa hainyweki.

Jana nilimkuta Orville juu ya ngazi, ana tambara na ndoo ya maji ya moto, anafuta grisi.

"Wewe, umerukwa na akili? Tukishinda si watazing'oa?"

Hakugeuka. "Ndiyo maana. Sitaki ziwateleze."

Asante, Orville, kwa kila mstari ulionyooka. Tunakutakia mapumziko mema, na Jumamosi jioni ukafunge geti la uwanja usio na nguzo hata moja.