Kurasa Sita za Sheria na Barua ya Dirma

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Bwana aliyenirejesha kati yenu. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Wengi wenu mlikuwapo hapa Endasak nilipochukuliwa, na mlinifahamu kama mwalimu wa historia aliyependa kusahihisha hata matangazo ya ibada. Nawaomba subira. Nataka kulisema jambo hili kwa usahihi, bila kujipunguzia hatia.

Nilimuua mtu. Mahakama ilisema sikukusudia, na kweli sikukusudia; lakini aliyekufa amekufa. Aliitwa Gidamis, mfugaji wa Dirma, baba wa watoto wawili. Ng'ombe wake waliingia katika mahindi yangu, tukatukanana, nikampiga kwa mpini wa jembe. Alianguka juu ya jiwe, akafia njiani akipelekwa hospitali ya Haydom.

Nilihukumiwa kifungo cha miaka saba. Ndugu zangu, fikirini ugumu huu: kanuni za wakati ule ziliruhusu parole kwa waliofungwa miaka minane au zaidi. Aliyepewa adhabu kubwa kuliko yangu aliweza kuomba kuimalizia nyumbani, mimi sikuweza. Niliisoma kanuni hiyo mpaka nikaikariri, kana kwamba kuikariri kungeibadilisha.

Kisha ikabadilishwa kweli. Afisa wa gereza alitusomea marekebisho: kiwango kimeshushwa hadi miaka minne, mradi mfungwa awe ametumikia theluthi moja, awe na mwenendo mwema, na kosa lake lisiwe miongoni mwa yaliyozuiwa. Theluthi ya miaka saba ni miaka miwili na miezi minne. Nilikuwa nimeipita kwa wiki tatu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikaketi kuandika ombi. Nyapara wetu alinitania kwamba hata malaika akinifungulia lango nitamwomba kwanza nisome maandishi yaliyo juu yake. Nilijaza kurasa sita, kila hoja na kifungu chake.

Afisa wa parole alifika hapa kijijini, nanyi mlinisemea mema, Mungu awalipe. Alipofika Dirma, mama mzazi wa Gidamis aligeuza kigoda chake, akampa mgongo, asijibu neno. Mnajua sababu. Damu ikimwagika kati ya nyumba mbili, nyumba hizo hazisalimiani wala hazichoti maji pamoja mpaka wazee wazipatanishe. Afisa alikuwa mgeni wa mila zetu, akaandika alichokiona: familia ya marehemu haiko tayari. Aliniambia atarudi mara moja zaidi kabla faili halijaenda kwenye bodi. Familia isipobadili msimamo safari hiyo, ningebaki ndani.

Nilikasirika. Nililaumu mwiko, nikamlaumu hata yule mama. Mke wangu, Marselina, alipokuja kunitembelea, nilimsomea nakala ya ombi langu lote. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Baba Yohana," akasema, "hapo Gidamis umemtaja wapi?"

"Nimeandika marehemu."

"Marehemu ni wengi. Na mama yake ajibu nini, ikiwa wewe hujamwuliza kitu?"

Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana aliponikamata. Sheria ilikuwa imenipa haki ya kuomba, nami nikaichukua kama haki ya kupewa. Tena nilijificha nyuma ya mwiko. Mwiko unazuia nyumba mbili kukutana. Haujawahi kuzuia mtu wa nyumba ya tatu kupeleka neno. Niliwafundisha wanafunzi jambo hilo kwa miaka mingi. Kwa miaka miwili na ushee sikutuma mtu, kwa sababu nilikuwa na aibu, na mwiko ulinifaa.

Niliandika barua ya nusu ukurasa. Nilimtaja Gidamis kwa jina, nikataja mkono wangu na mpini wa jembe, nikaomba msamaha. Parole sikuigusa. Mzee Qamara, ambaye ukoo wake haumo katika ugomvi huu na ambaye anakisema vizuri Kidatoga, lugha ya yule mama, alipanda pikipiki mpaka Dirma akamsomea yule mama. Alisema mama alimtaka airudie mara tatu, kisha akamwambia aende zake.

Afisa aliporudi, mama alikuwa amemwita Mzee Qamara awe mkalimani. Safari hii kigoda hakikugeuzwa.

"Mwacheni aje," alisema. "Akikaa huko ndani, wazee wakija kutupatanisha nitaketi na nani? Na ukuta?"

Maneno hayo yaliandikwa katika faili, na bodi ikaridhia. Niseme kwa usahihi: kifungo changu hakikufutwa. Sehemu iliyobaki naitumikia katikati yenu; kila mwezi naripoti, wala sivuki mpaka wa wilaya bila ruhusa.

Wiki ileile niliyotoka, wazee walituketisha pamoja. Mama alinitazama. "Umekonda, mwalimu," akasema. "Nilitaka nikuchukie ukiwa mnene." Kisha akalia, nami nikalia. Wazee walipomaliza yao, akanywa maziwa katika kibuyu, akanipa. Nilikishika kibuyu kwa mikono miwili.

Namshukuru Mungu aliyeifanya sheria initazame, na zaidi namshukuru kwa swali la mke wangu. Mtumainini, ndugu zangu, anasamehe kweli. Na kama ipo nyumba usiyoisalimu, usingoje wao waanze kusema. Tuma mtu wiki hii. Ukikosa wa kumtuma, nitume mimi. Ruhusa yangu inaishia mpaka wa wilaya, na ndani ya mpaka huo nitakwenda kwa miguu hadi mlango wowote mtakaonitajia.