Mbuzi Ambaye Hakumngoja Sakariye

Nani kati yenu wawili alimchinja yule mbuzi?

Usikohoe, Kimanzi, kifua kibovu humu ndani ni changu peke yangu. Na wewe Mwanzia usianze na hiyo "mathe, hiyo stori iliisha kitambo," kwa sababu stori haiishi kwa kuwa imemchosha mwenye hatia. Sikilizeni, wanangu. Sikuwaita hapa Makadara mje kulia. Nimeishi nikashiba, nimefundisha jiografia mpaka nikawafundisha watoto wa wanafunzi wangu, na baba yenu Munyoki ananingoja huko, bila shaka kavaa tai. Nimewaita kwa sababu daktari aliniambia kwa Kiingereza kirefu jambo ambalo nyanya yangu angelisema kwa neno moja: naondoka. Ndete, endelea kunipaka mafuta miguuni, mwanangu. Mikono yako haijawahi kunisumbua. Nawe Raho, jirani yangu, kaa papo hapo dirishani na kikombe chako ulichotoka nacho kwako, maana leo kikombe hicho ndicho kesi yenyewe.

Mali kwanza, ili msije mkanisikiliza nusunusu mkipiga hesabu vichwani. Nyumba hii ni yenu watatu na haiuzwi; atakayeleta dalali hapa, dalali huyo na anikute nimeketi kwenye ngazi, hata kama nimeshazikwa. Shamba la Mwala ni la Kimanzi, kwa kuwa ndiye pekee ajuaye mipaka yake na ndiye pekee aliyewahi kugombana na majirani kwa ajili yake. Mrudishie mzee Ndirangu njia ya ng'ombe wake, ugomvi ule ulikuwa wa baba yenu, na baba yenu mwenyewe alikiri kwangu kwamba hakuwa na haki. Vitabu ni vya Mwanzia. Usivipeleke kwa muuza njugu akavifungie njugu, vipeleke kwako Tassia uvisome, una akili kuliko unavyojifanya. Ndete, cherehani yako unaijua. Limebaki lile sufuria kubwa. Hilo bado sijampa mtu, na mtajua kwa nini.

Mnakumbuka Krismasi zetu. Alfajiri Sakariye, mume wa Raho, Mungu amrehemu, alikuwa akivuka ua huu na kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa cheupe, anamgeuza mbuzi kuelekea kibla, anataja jina la Mungu, kisha anamwachia baba yenu kazi ya kuchuna. Mbuzi alikuwa wetu, kisu kilikuwa chake, na kwa hiyo sufuria likawa moja. Wakamba na Wasomali wa ua mzima walikula pilau ile ile, hakuna aliyeuliza, na Idi ikifika tulivuka sisi kwenda kwao. Watu wa mikutano siku hizi hukaa hotelini kujadili namna dini mbili zinavyoweza kuishi pamoja. Sisi tulikuwa tukijadili kama chumvi imetosha.

Basi kanisa likatutuma Uskoti, mimi na Munyoki, wamisionari wazee, mume na mke, tukawatie moyo watu wa mji mdogo wenye baridi ya kukatia chuma. Nilicheka ndani ya ndege mpaka Munyoki akanifinya. Zamani wao walituletea Yesu kwa meli, na sasa sisi twamrudisha, tena kwa viti vya nyuma karibu na choo. Krismasi ilipokaribia, baba yenu akasimama kanisani akawaambia, "Karibuni nyote kwetu, mlango u wazi." Wakatabasamu, wakashukuru. Tukapika pilau ya kulisha ua mzima wa Makadara. Jua likazama mchana, ndivyo lifanyavyo kule, na hakuna mguu uliokanyaga mlangoni. Munyoki kavaa tai, ananyoosha kitambaa cha meza, anakikunja, anakinyoosha tena. Mwisho akasema, "Mama Kimanzi, hawa watu hawajui karibu ni neno la kweli. Wanadhani ni salamu."

Akabeba sufuria, tukavuka theluji hadi kwa jirani yetu, mzee Willis, mjane aliyekuwa akila mkate mkavu mbele ya televisheni. Akatwambia, "Nilidhani mlinialika kwa adabu tu." Nikamwambia, "Mzee, adabu isiyo na chakula ndani yake huitwa nini?" Akacheka, akaleta sahani, kisha akauliza kwa aibu: ndani mna nyama? Kwa maana yeye tangu kifo cha mkewe hali tena kitu kilichokuwa na uhai. Nyama, wanangu, ilikuwa imelainika ikapotea. Ndani ya pilau mlibaki ladha ya supu tu, na mzee yule alikuwa na njaa. Mimi, mke wa mmisionari, nilikwisha kufungua mdomo niseme hamna. Munyoki akanitangulia. "Mna nyama, mzee," akasema, "nipe saa moja." Akarudi kwenye theluji akachemsha ndengu alizokuwa amezivusha mpaka wa watu ndani ya soksi, na Willis akala ndengu za Mwala akalamba kijiko. Tulikesha tukiimba, kila mtu kwa lugha yake na kwa sauti mbaya yake. Ile ndiyo Krismasi njema kuliko zote nilizowahi kuona, na ndiyo iliyonionyesha nimeolewa na nani.

Na siku hiyo hiyo, huku nyumbani, nini kilitendeka? Sakariye alikuwa na mguu mbaya, akatuma neno kwamba atachelewa hadi afunge duka Isli, mngojeni. Nami nilikuwa nimewaagiza kwa simu: mngojeni. Kawia ufike, wahenga walisema, nanyi mkaona mkawie mfe na njaa? Alipofika na mkongojo wake akakuta ngozi imetundikwa ukutani, akaambiwa, "Kijana wa buchari, yule Mwislamu, ametusaidia." Akamshukuru Mungu, akaenda zake, na sahani ikamfuata nyumbani, wakala. Siku si nyingi akamkuta kijana yule msikitini, akamshika mkono kumpa asante, na kijana akashangaa: "Mzee, mimi Krismasi nilikuwa Garissa."

Sakariye hakupiga kelele. Aliacha tu kuvuka ua. Tuliporudi kutoka Uskoti nilimwendea, nikamwendea tena, nikamwuliza ni nani aliyemdanganya, akanijibu, "Nikimtaja nitakuwa nimemvua nguo mtoto wa jirani." Akafa na jina hilo. Raho naye analo hata sasa. Aliyekula bila kujua hana dhambi, ameniambia hivyo mara nyingi, na ninaamini; lakini tazameni. Ananiogesha huyu. Ananisomea gazeti. Analala kwenye kile kiti ninapozidiwa. Na chai anakunywa kwa kikombe cha kwake, na tonge la nyumba hii halijapita tena kooni mwake. Simlaumu. Mla mbuzi hulipa ng'ombe, nami ng'ombe nimemlipa kwa kumpoteza Sakariye nikiwa hai.

Kimanzi, wewe kazi yako mahakamani ni kuandika viapo vya watu, na Jumapili wewe ni mzee wa kanisa. Hivi huoni aibu? Mwanzia, watu wote walikushuku wewe kwa kuwa unakunywa, nawe hukukana wala kukubali. Kisu cha mbuzi hushikwa na mwanamume, basi ni mmoja wenu. Mimi sitaki kumchapa mtu, fimbo yenyewe sitaiweza.

Mnamsikia huyo anayelia uani? Ni mbuzi. Keynan, mwana wa Raho, amemtoa sokoni Kiamaiko asubuhi, na yuko hapo nje na kisu cha baba yake, kitambaa kile kile. Kesho ni Krismasi. Nataka mama yake ale kwangu kabla sijaenda. Lakini sitamwomba aitie imani yake kwenye sufuria ambalo uongo wake haujaoshwa. Atakayesema, sufuria ni lake, na Krismasi ya ua huu ni yake kuitunza.

Maji... asante, Ndete. Wewe umekuwa mkono wangu. Nilikufundisha usimngoje mwanamume akufungulie hata chupa, na kweli hukungoja.

Sogeeni. Nyanya yangu alibariki kwa mate, na mimi na digrii yangu sijapata njia bora. Haya... kifuani, Kimanzi. Mwanzia. Ndete. Mungu awape milango isiyojua kufungwa. Pendaneni. Nizikeni kando ya Munyoki, hotuba ziwe fupi, na asiseme mtu kwamba nilikuwa mpole. Msi... msiniwekee maua ya plastiki.

Pumzi inakataa. Basi nanyamaza. Nangoja.

...

Nani amesema? Mikono imeacha miguu yangu. Ndete? Paza sauti, mwanangu, Raho akusikie.

— Mama, sikumngoja. Wageni walikuwa na njaa, kaka zangu wakaogopa kisu, nikakishika mimi. Na sahani, Mama Keynan, niliileta mimi, nikakwambia kuleni, ni halali.