Mlezi wa Konokono Wanaoota Macho

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Baba yetu alikuwa fundi wa mabehewa, mama mshonaji. Marehemu alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Wa kwanza ni mimi ninayewasomea.

Alianza shule mwaka 1961, akaiacha akiwa darasa la tano mama alipopooza. Mimi sikuingia darasa lolote. Nilikuwa karakanani na baba. Jioni marehemu alichukua kipande cha mkaa akaandika herufi sakafuni, nami, kaka mtu, nikapiga magoti kuzinakili. Nikikosea alinifinya sikio. "Kaka, hii 'b' yako mbona ina mimba?" Siku hizi vitabu vimejaa kila mahali, na hakuna anayepiga magoti.

Mwaka 1974 aliolewa na fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa mizaha. Walijaliwa mabinti wawili. Tarehe 2 Juni 1983 kipande cha chuma kilimpasua shemeji jicho la kulia, na la kushoto nalo likapofuka lenyewe kabla miaka miwili haijaisha. Daktari alisema jicho la mtu likiharibika hivyo hubaki na kovu, basi.

Mwaka 1987 marehemu aliajiriwa kufagia maabara ya chuo, walikofuga konokono wa majini. Konokono hao wakikatwa jicho huota jingine zima baada ya mwezi hivi, na wataalamu walitaka kujua wanafanyaje, ili siku moja binadamu naye asaidiwe. Tangu alisikie hilo, ufagio ulimshinda. Alikuwa akisimama mbele ya matangi ya vioo, mpaka wakaona heri wamkabidhi konokono wenyewe.

Aliwalea miaka ishirini na sita. Maji ya bomba aliyaacha kwenye ndoo siku mbili, dawa ya kuyasafishia iishe nguvu, ndipo awamiminie. Kila jicho lililoota alilichora kwa penseli daftarini, siku kwa siku. Akirudi nyumbani, shemeji alimdaka mlangoni.

"Wenzako wameota mangapi leo?"

"Manne."

"Yote wamejigawia? Hata moja hawakunibakizia?"

"Subiri zamu yako, mzee."

Zamu haikufika. Shemeji alifariki mwaka 2009, bado anatania.

Marehemu alistaafu mwaka 2013. Vijana waliopokea kazi, wenye vyeti, walifungulia bomba moja kwa moja, wakaua konokono wa matangi mawili kwa asubuhi moja. Wakampigia simu. Akaenda kwa miguu na ndoo yake, akawaonyesha upya, wala hakuwagombeza. Mimi ningewagombeza.

Oktoba mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Alilazwa mara tatu, na mara ya tatu akanipa fomu. Maabara ilihitaji macho mazima ya binadamu, iyalinganishe na ya konokono. Alitaka yachukuliwe yake akishafariki, na sahihi ya ndugu ilitakiwa. Nikamwambia kwetu mtu huzikwa akiwa kamili.

"Kaka, baba na mama tuliwazika na macho yao, mume wangu akafa haoni. Yalimfaa nani?"

Nikaikunja fomu, naye akaikunjua.

"Mimi naenda kulala. Macho ya nini?"

Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi. Kabla ya saa sita daktari wa macho alifika na kisanduku cha barafu. Nilitia sahihi. Kisha nikaona aibu, nikaagiza jeneza lisifunguliwe, nikawaacha mnong'one tangu juzi.

Agizo hilo nimelifuta. Nikimaliza kusoma, seremala atalifungua, na anayetaka kumuaga aje. Jina langu kwenye fomu ile nililiandika kwa herufi zake za mkaa. Miaka yote hii sikuwahi kuzipa kazi kubwa kuliko hiyo.

Ameacha mabinti wawili, wajukuu watano, kaka mmoja, na madaftari kumi na tisa ambayo maabara haijayaulizia.

Alisimama sana, mdogo wangu. Sasa alale kwa amani.