Kiti cha Kinanda si cha Ukoo

Sogeeni, wanangu, sogeeni karibu, maana sauti yangu ya leo haifiki hata ukutani, na nyinyi mnajua mimi si mtu wa kurudia maneno. Wewe fundi mafriji, mwanangu wa kwanza, kaa hapo miguuni nikuone uso, na hiyo simu izime, wateja wako hawatakufa kwa kukosa maji baridi. Wewe muuguzi wetu, toa vidole vyako kwenye mshipa wangu. Kuhesabu mapigo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, na haya ya kwangu nayajua, yamechoka. Mama yenu mwacheni palepale dirishani, yeye nilikwisha kuzungumza naye. Na wewe kitinda mimba wangu, wewe ambaye nasikia jana ulifungua begi lako ukarudisha nguo kabatini, njoo ukae hapa kitandani kabisa, kwa sababu maneno haya ni ya wote lakini mengi ni yako.

Sikilizeni basi. Chuo cha muziki kimemwita huyu binti kwa usaili, usaili ni kesho asubuhi, basi linaondoka jioni hii, na asipotokea nafasi yake anapewa mwingine. Naye, bila kuniuliza mimi baba yake niliye hai bado, amekwenda kuwaambia wazee wa kanisa kwamba haendi kokote, kwamba atabaki aniuguze, nami nikishazikwa akalie kiti changu cha kinanda. Wazee wamefurahi, eti nyumba ya mwalimu wa kwaya haijazimika. Ala! Nani aliyemwambia kwamba kiti kile ni cha ukoo?

Tuanze na vya ukoo, tuvimalize. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka siku yake, na asije mtu kumshauri apangishe chumba cha mbele, akitaka kupangisha atasema mwenyewe. Kiwanja cha nyuma ni chenu watatu, msikikate vipande, jengeni kitu kimoja, na mkishindwa kuelewana mnitukane mimi. Makoti yangu mpeni mdogo wangu, yanamtosha tumboni. Kinanda cha hapa nyumbani, kile cha kukanyaga, nampa fundi mafriji kwa ajili ya wanawe, wakiguse hata wakiwa na matope vidoleni, kwa kuwa kinanda kisichoguswa huharibika haraka kuliko kinachopigwa vibaya. Usinitazame hivyo, kitinda mimba. Najua ulidhani ni chako. Wewe sikuachii kinanda, maana kikikaa hapa kikikungoja hutakaa chuoni hata muhula mmoja.

Sasa nikueleze kwa nini, na nyie wakubwa msikie, kwa sababu nanyi mlikuwa mnajua nusu tu.

Mimi nilikuwa kijana wa mwaka wa pili palepale chuoni baba yangu alipougua. Kaka zangu waliniita nirudi, nikarudi, nikamzika, na kwenye mazishi yake nikapiga kinanda mpaka watu wakasahau kulia wakawa wananitazama mimi. Kabla sijavua viatu vya mazishi, wazee walinikabidhi ufunguo wa kinanda cha kanisa. Nikasema sawa, nashikilia kidogo, muhula ujao narudi kumaliza. Wee! Muhula ujao ukaota ndevu, ukaoa, ukawazaa nyinyi, ukapata mvi, nami bado ninashikilia kidogo.

Na nilishikilia kweli, siwezi kujifanya mnyonge leo kwa sababu nakufa. Nilikuwa napiga, jamani. Kwaya za mitaa mingine zilikuwa zinatuma watu waje kukaa nyuma waibe namna ninavyoingia kwenye wimbo. Nikianza, kanisa zima linanyamaza, wanawake wa sauti ya kwanza wanapanda juu kabisa, mabati yanatetemeka, nami nikichungulia kwa kile kioo kidogo nilichokibandika juu ya kinanda nawaona waumini wamefunga midomo, wametulia tuli, nasema moyoni, ona watu wanavyokula muziki wangu. Nilitembea mtaani kifua mbele. Mama yenu alikuwa akiniambia nipite mlango wa nyuma, huu wa mbele kichwa hakienei.

Aliyenirudisha chuoni ni mchungaji, yule kijana mwembamba aliyekuja nyinyi mkiwa wakubwa tayari. Aliniomba nifundishe vijana wachache kupiga. Nikawafundisha. Yaani nilikaa nikapiga, nikawaambia, "Mmeona?" Wakasema hawajaona. Nikapiga tena kwa nguvu zaidi. Mmoja akauliza, "Mwalimu, hapo umefanya nini?" nami nikagundua sina neno hata moja la kumjibu, vidole vinajua, mdomo haujui. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamweleza mama yenu, naye bila hata kuacha kukunja nguo akasema, "Si uende ukamalize ulichoacha? Na sisi tupumzike kelele." Ndivyo nilivyokwenda. Lakini msidanganyike, nilikwenda kuchukua cheti tu, kujifunza hapana, kwani nani pale angenifundisha mimi?

Mwalimu aliyenipokea alikuwa rika la huyu muuguzi wetu. Mwanamke mfupi, mpole wa sauti, mkali wa macho. Darasani wanafunzi walisimama nilipoingia wakidhani mimi ndiye mkaguzi, kisha waliponiona navuta kiti na kukaa nao, wakaanza kuniita Babu. Bwenini nililala kitanda cha chini, cha juu analala kijana anayekoroma kwa sauti ya tatu. Na kazi ya kwanza niliyopewa, mimi niliyekuwa natazamwa na kanisa zima, ilikuwa kusimama kando ya binti mmoja mpigaji nimgeuzie kurasa. Wala sikuziweza. Nilikuwa nimezoea kupiga kwa sikio, noti zilinipita mbio, binti wa watu akifika mwisho wa ukurasa mimi bado nashangaa juu. Siku ya maonyesho niligeuza kurasa mbili kwa pamoja. Alinyoosha mkono akaurudisha mmoja bila kuacha kupiga, kisha akanitupia jicho. Lile jicho nililala nalo.

Nilifunga begi mara moja, naomba mjue. Nilikaa juu yake bwenini, nikasema kesho naondoka, huku natukanwa bure. Lakini ningesema nini nyumbani? Mama yenu angecheka mwezi mzima. Nikabaki kwa ubishi, na huo ubishi naushukuru.

Basi ikafika zamu yangu ya kupiga mbele ya mwalimu. Nikachagua wimbo wetu mkubwa, ule ninaouanza juu kabisa, nikaupiga kwa madoido yote, nikamaliza, nikangoja nisifiwe. Mwalimu akasema, "Vizuri, Baba. Sasa piga tena, na wewe mwenyewe uimbe." Nikacheka. Nikamwambia mimi ni mpigaji, waimbaji ni wengine. "Imba tu, Baba, sauti yoyote uliyo nayo." Nikaanza. Mstari wa kwanza nilijikokota. Wa pili mishipa ya shingo ikanisimama. Tulipofika pale wimbo unapopanda, sauti ilikatika, ikatoka kitu ambacho hata mimi sikukijua, na darasa zima likaangua kicheko, nami nikafunga mdomo nikaendelea kupiga tu. Mwalimu hakucheka. Aliniuliza taratibu, "Na kule kanisani kwako, Baba, wanaume wa umri wako wakifika hapo huwa wanafanyaje?"

Wanangu, nilibaki na mikono hewani. Niliwaona wote kwa kile kioo changu, safu kwa safu, na midomo yao imefungwa. Hawakuwa wanakula muziki wangu. Walikuwa wameshindwa kupanda, wakanyamaza kwa adabu, Jumapili hadi Jumapili, miaka yote ile, kwa kuwa mimi nilianzisha nyimbo pale ziliponipendeza mimi na kwaya yangu. Watu walikuja kumwimbia Mungu, nami nikawafanya watazamaji. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za darasa, nikalia, na wale vijana waliokuwa wakinicheka wakaja wakakaa karibu nami mmoja mmoja, yule mkoromaji akaniletea maji.

Kuanzia hapo ndipo nikawa mwanafunzi. Cheti nilikisahau. Nilijifunza kusoma noti, kumfuata mwimbaji badala ya kumburuta, kuvuta pumzi pale anapovuta yeye. Nilimgeuzia yule binti kurasa mpaka akawa hanitazami tena, na mpigaji asipokutazama jua umefanya kazi yako.

Nikarudi. Jumapili ya kwanza nikauanza ule wimbo wetu chini, chini kabisa, kwaya wakageuka kunitazama wakidhani naumwa. Nikapiga polepole, bila madoido. Mara nikasikia nyuma kule kitu kinanguruma. Alikuwa seremala, yule niliyegombana naye zamani alipoiacha kwaya, nikawa nasema barazani kwamba sauti imemwisha, kumbe sauti ilikuwepo tele, nilikuwa nimeinyima mahali pa kukanyaga. Akaimba yeye, akaimba jirani yake, wakaingia akina mama wazee, na wimbo ulipofika pale pa kupanda wakapanda wote. Kinanda changu sikukisikia tena. Nawaambia, katika maisha yangu yote nimepigiwa makofi mengi, lakini sijawahi kuwa na fahari kama ile ya siku niliyofunikwa. Baada ya ibada nilimfuata seremala karakanani kwake, nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Akaendelea kupiga randa, akasema, "Shika hiyo ncha ya ubao, unatikisika." Nikashika. Tukamaliza meza, yakawa yameisha.

Jeneza langu atengeneze yeye, msiende dukani. Mwambieni asinibane mabega.

Muuguzi, nipe maji. Kidogo tu. Basi.

Wazee wa kanisa wakija, fundi mafriji, wewe ndiye utakayewajibu, na ujibu umesimama. Waambie mwalimu anawashukuru, lakini kiti si cha ukoo wake, na huyu binti hakalii kiti ambacho hajasomea. Watauliza, sasa nani atapiga? Waambie asipige mtu. Waimbe. Wanaweza, mimi mwenyewe niliwaacha bila kinanda Jumapili kadhaa makusudi, nikajifanya nina mafua, nikasimama nje dirishani nikawasikiliza, na hawakutetereka. Hiyo ndiyo kazi yangu, jamani. Si kile kinanda. Ni wale watu kuimba mimi nikiwa sipo. Najivuna, ndiyo, najivuna sana, acheni nijivune. Hata kunizika mnizike hivyohivyo, bila chombo chochote, aanzishe mtu yeyote, pale sauti yake ilipo.

Na wewe, mwanangu. Vidole vyako ni vizuri kuliko vyangu, nilikuwa sikuambii ili usivimbe, sasa nakuambia kwa kuwa unakwenda mahali watakakokupunguza. Wakicheka, cheka. Wakikupa kurasa ugeuze, geuza. Huko watakuuliza umetoka kwa nani, usinitaje, piga tu. Nisikilize vizuri hapa: mimi nikifa usiku huu, au kesho ukiwa kwenye usaili, au keshokutwa, hurudi. Nyie wawili mnasikia? Msimwite. Watu watasema, mtoto gani hakumzika baba yake. Waacheni waseme, semeni ni amri yangu, laumuni kaburi. Mimi niliitwa, nikaja, na ikanichukua karibu maisha yote kurudi nilikotoka. Yeye asiitwe.

Usilie, utakosa basi. Nenda ulifunge begi, kaka yako atakupeleka stendi kwa lile gari lake la kazi. Inama kwanza. Inama zaidi, mkono haunyanyuki... Mungu akutangulie, akupe sikio la kuwasikia wenzako kabla hujajisikia mwenyewe. Akupe walimu wakali. Akupe watu wa kuimba nao. Mkono huu uliopiga kinanda nakuwekea kichwani, na yote yaliyokuwa mema ndani yake yaende nawe. Haya. Inuka. Mbusu mama yako, usikae naye sana, mtashikana. Fundi, mpokee begi. Usisimame mlangoni, mwanangu, nimekuona, nimekuona vya kutosha... nenda.

Muuguzi, ameshatoka?

Hilo ni gari? Ngoja... nyamazeni nilisikie.

Limekata kona. Vizuri. Vizuri sana.

Sasa njoo, binti yangu, nishike mkono, ndiyo, hata mapigo hesabu ukitaka. Mke wangu, sogea na wewe huku.

Nilitaka abaki. Jamani, nilitaka mno abaki.

Msimwambie.