Kumwachilia Mwalimu Mutie Aende Chuoni

Mheshimiwa Chifu wetu, Bwana Mishonari na Bibi, Mchungaji Kiilu, wazee wa kamati ya shule, walimu mliotoka Mbumbuni na Kyuso, baba zetu na mama zetu, nanyi wanafunzi wenzangu mlioketi chini kwa sababu viti vimekwisha: nawasalimu nyote, kila mtu kwa heshima yake.

Nimeombwa niseme kwa niaba ya darasa la sita la shule yetu ya Nunguni. Nimeyaandika maneno haya ili nisome tu, nisiongeze wala kupunguza.

Jambo lililotukutanisha mnalijua. Mwalimu Mutie, anayetufundisha Kiingereza, amepata nafasi katika chuo cha walimu, akae huko miaka miwili. Gari la kumchukua linapita kesho. Lakini Jumapili, baada ya ibada, Bwana Mishonari alisema hatamruhusu kwenda kama wazazi na wanafunzi hawataki, kwa kuwa hakuna mwalimu mwingine wa kuletwa, na sisi tuna mtihani mwisho wa mwaka. Atakayeshinda ataendelea na shule ya juu. Atakayeshindwa atarudi shambani. Kwa hiyo leo tunamuaga mtu ambaye bado haijulikani kama anaondoka.

Kabla sijatoa jawabu letu, naomba niieleze kazi yake, maana wengi wenu mmeisikia kwa kicheko tu.

Mwaka juzi, muhula wa mwisho, shule yetu, ile ya Mbumbuni na ile ya Kyuso zilipewa kitabu cha kusomea Kiingereza. Kimoja, kwa shule zote tatu. Walimu wangefanya nini? Wangekifungia kabatini kisichafuke? Wangeacha shule moja isome, na mbili zingoje mwaka mzima? Mwalimu Mutie alichukua wembe, akakata uzi wa mgongoni, akakigawa. Kipande cha kwanza kilikaa hapa, cha kati kilikwenda Mbumbuni kwa Mwalimu Ndinda, cha mwisho Kyuso kwa Mwalimu Kisilu. Kila muhula vilibadilishwa, na aliyevibeba ni Mzee Abdille, ambaye hununua ng'ombe Kyuso na kuwaleta kuwauza masoko ya huku.

Kitabu chenyewe kinahusu mkulima Mwingereza aliyepotelewa na farasi. Sisi tulisoma farasi akipotea. Mbumbuni walisoma mkulima akimtafuta. Kyuso walisoma farasi akigonga mlango kwa kwato, amerudi, wala hawakujua kwamba aliwahi kuondoka.

Hilo walimu hawakuwa wamelifikiria. Watoto wa Kyuso walimsumbua Mwalimu Kisilu kwa maswali mpaka akawaambia, "Mnaniuliza mimi? Andikeni wenyewe alikokuwa, tena kwa Kiingereza." Wakaandika kwamba visima vilikauka, na farasi akafuata ng'ombe wa Wasomali hadi mto Tana kunywa maji. Mwalimu Mutie alipozisoma karatasi zile aliwaita wenzake wawili, wakaafikiana kwamba kila shule iandike kwanza sehemu isiyokuwa nayo, ndipo iletewe ile ya kitabu.

Tangu hapo hao watatu hukutana hapa kila likizo. Mmoja husimama ubaoni akafundisha, wawili huketi kama wanafunzi wasumbufu, kisha humwambia alipokosea. Siku moja, nikipita dirishani, nilimsikia Mwalimu Ndinda akisema, "Mutie, tangu uingie unasema peke yako. Sisi tutajifunza kusema lini, siku ya mwisho?" Naye akafuta ubao, akaanza upya. Je, ni wangapi kati yetu, wakubwa kwa wadogo, ambao wangekubali kuambiwa hivyo na mwenzao?

Hata Mzee Abdille, asiyesoma Kiingereza, alitaka asimuliwe yaliyomo ndani ya kipande kabla ya kukitoa. "Mkulima gani huyu?" alisema. "Mtu anayeacha farasi bila mchungaji, mimi simuuzii hata mbuzi." Mzee, naona unacheka, lakini ulisema.

Mwaka jana, muhula wa kwanza, mkaguzi wa shule alifika. Akashika kipande chetu kisicho na jalada, akauliza, "Nani amechinja kitabu hiki?"

"Ni mimi, bwana," akasema Mwalimu Mutie.

Mkaguzi akamgeukia Kalondu, aliyeketi mbele, akamwuliza kwa Kiingereza farasi alipatikana wapi. Kalondu akasimama, akajibu kwa Kiingereza bila kucheka, "Farasi yuko Kyuso, bwana. Atafika muhula ujao."

Mkaguzi akakiweka kipande mezani. Kisha akaomba aone tuliyoyaandika, akayasoma mpaka chai yake ikapoa. Nafasi ya chuo ilitokana na siku hiyo.

Sasa narudi kwenye jawabu. Jumapili Mzee Kivuva alisimama akasema, "Binti yangu Mumbua nimemwacha asome, sikumtoa akachunge wala aolewe. Leo mwalimu aende akasome yeye, mtoto wangu aanguke? Hiyo ni haki gani?" Mwalimu Mutie mwenyewe alitazama chini. Mimi sitasema kwamba mzee amekosea, kwa sababu hakukosea.

Jana darasa letu lilikaa peke yake. Kilonzo akasema, "Akienda tumekwisha." Musembi akamjibu, "Wewe ulikwisha zamani, hata yeye akiwepo." Tukacheka, kisha tukaacha kucheka, tukapima jambo hili. Mwalimu ametuambia mara nyingi kwamba yapo mambo hawezi kutufafanulia kwa kuwa hata yeye hakufundishwa. Anachokijua ametupa chote. Akibaki, sisi tutapata hicho hicho, na wadogo zetu watapata hicho hicho, na watoto wao pia. Akienda, inawezekana baadhi yetu tutaanguka mtihani. Tuliambiana hivyo waziwazi, wala hatukuahidiana kwamba wote tutashinda.

Mwalimu Ndinda amekubali kuja kila Jumamosi. Siku nyingine tutafundishana wenyewe, mmoja ubaoni na wengine wakimkosoa, jinsi tulivyowaona walimu wetu wakifanya.

Tuna ombi moja. Walimu wanaotoka chuoni hupelekwa shule kubwa za mjini. Bwana Mishonari, na wewe Mheshimiwa Chifu, tunawaomba mtamke mbele ya watu hawa kwamba mwalimu huyu atarudishwa hapa. Tunatoa mwaka wetu wa mtihani. Si vibaya tukiomba kitu kwa ajili ya watakaotufuata.

Jawabu letu ni kwamba aende. Lakini sisi ni watoto, na neno la mwisho ni la wazazi. Ili msidhani kwamba nimesema peke yangu, nawaomba wanafunzi wa darasa la sita waliokubali mwalimu aende, wasimame sasa.

Mzee Kivuva, tafadhali tazama upande wa wasichana. Yule aliyesimama wa kwanza ni Mumbua.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Mimi naketi. Wao watabaki wamesimama mpaka mtakapojibu.