Doa la Mkono wa Kushoto: Maisha ya Mama Taa, Fundi wa Mashine ya Mwanga

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliokuja kutushika mkono, tunawasomea maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Taa, kama alivyotuelekeza mwenyewe tuyaandike, bila kupunguza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1962, mtoto wa tano kati ya saba, katika nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya chumvi, ambako baba yake alikuwa mlinzi na mama yake alikuwa akikwangua chumvi. Alianza shule ya msingi Januari 1970, akamaliza darasa la saba mwaka 1976, akiwa na mwandiko mzuri kuliko wote darasani, na Desemba ya mwaka huo huo alikabidhiwa reki, akaingia shambani kwenye mstari wa mama yake.

Huko alifanya kazi miaka kumi na minane, jua likimpiga kutoka juu na weupe wa chumvi ukimrudishia lile lile kutoka chini, hata alipofika miaka thelathini mikono na mashavu yake yalikuwa na madoa na mikunjo ya mtu wa hamsini. Tarehe 2 Juni 1984 alifunga ndoa na baba yetu, fundi baiskeli, ambaye alipenda kusema kwamba alioa mke na, kwa mikunjo ile, akapewa na mama mkwe humo humo, naye mama alikuwa akimjibu kwamba huyo mama mkwe ndiye anayempikia, kwa hiyo achague maneno. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1985, wa pili 1988, na binti wa mwisho 1996.

Mashamba yalipofungwa, Desemba 1994, alikaa nyumbani, kisha Februari 1997 aliajiriwa kufagia katika kliniki ya ngozi, na mwaka 2006, mashine ya mwanga ilipoletwa, daktari alimkuta kwenye korido, ufagio mkononi, akimsisitizia mteja asitoke juani bila kujifunika kwa wiki nne, jambo ambalo wauguzi walikuwa wamelisahau, akasema mtu anayelijua jua hivyo hafai kuachwa na ufagio. Alifundishwa miezi minane, akapewa cheti tarehe 30 Novemba 2006.

Kazi yenyewe ilikuwa kumvisha mteja miwani ya giza, kumpaka jeli ya baridi, kuweka kichwa cha mashine juu ya doa na kubonyeza, na mwanga unapopiga mtu husikia kama amechapwa kwa mpira wa kufungia noti. Walikuja madereva wa matrekta, wauza mboga, na akina mama waliochoka kuitwa bibi kabla ya wakati, na mmoja wao alipomwomba amtoe miaka kumi alijibiwa, "Mwenzangu, hapa tunatoa madoa, miaka nenda ukaidai huko ulikoiacha," akacheka, akawa mteja wake hadi mwisho. Kabla ya kumgusa mtu yeyote alizungushia kila doa penseli nyeupe, akauliza lilianza lini, kama limekua, kama limebadilika rangi, na lililomtia shaka alilipeleka kwa daktari kwanza, hata mteja akinuna.

Tarehe 18 Machi 2019 aliletewa msichana wa kufundishwa, na kwa kuwa pale kliniki mwanafunzi hamgusi mteja kabla hajajaribu mashine kwa fundi wake, mama alimpa mkono wake wa kushoto, uliokuwa na madoa manane, saba ya zamani na moja, karibu na kiwiko, lililoanza mwaka ule. Msichana alichukua penseli, akamuuliza kama alivyofundishwa asubuhi ile, lakini wateja watatu walikuwa wakisubiri na mama alikuwa amechoka, akamwambia, "Hayo nayajua, ni ya chumvi, wewe piga tu." Baada ya wiki tatu madoa yote yalififia, wakafurahi wote wawili.

Oktoba 2020 pale penye kiwiko paliota uvimbe, na daktari alimweleza kwamba ilikuwa saratani ya ngozi, mwanga uliifuta rangi iliyoonekana, ugonjwa ukaendelea chini kwa chini. Alipasuliwa Novemba, akarudi kazini, na mwaka 2023 ikaonekana imefika kwenye mapafu.

Msichana aliacha kazi, kwa sababu watu walisema amemuua mwalimu wake, na wengine waliosema hivyo ni sisi wa nyumbani. Mama alipolisikia alimwita binti wa mwisho na daftari, kwa sauti iliyokuwa imebaki kidogo sana, akasema, "Andika kwamba aliuliza. Msipolisoma hili mbele ya watu, mtanizika mimi na yeye." Juzi mjomba aliomba sehemu hii iondolewe, akisema marehemu hasemwi makosa yake, tukabishana hadi tukachoka, na mwisho tukakubaliana isomwe kama ilivyo: aliuliza, na mama hakumjibu kama wateja wake wote walivyomjibu yeye.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na moja, ameacha mume, watoto watatu na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuchotea maji na kutulelea watoto, na wafanyakazi wenzake wa kliniki, na tunamshukuru yule msichana, aliyekuja kila siku kwa miezi minne kumwogesha na kumgeuza kitandani huku hakuna kati yetu aliyemsemesha. Amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Dada, tunakuomba usogee mbele, ukae na sisi watoto wenzako.

Mama, tumelisoma lote. Sasa pumzika kwa amani.